Pengo la Matoleo Kumi na Saba

Kila Alhamisi ndege mpya ilitua
kwenye kaunta ya Bi Probert,
naye akailamba ncha ya penseli
akaandika pembeni, juu kushoto: Pugh.
Peni themanini. Kaka yangu Idwal alizifumbata tangu Jumatatu,
zikatoka jasho kabla yake.

Toleo la kwanza lilikuja na jalada la bure,
gumu, la buluu, lenye uti wa chuma.
La pili lilikuja na bei kamili.
Ndivyo wanavyokunasa, alisema Mama,
lakini ni yeye aliyezipachika kurasa,
ulimi nje, kama mtu atungaye shanga.

Mimi nilijifunza kusoma humo.
Si hapo zamani za kale, bali
upana wa mabawa, uzito mtupu, masafa.
Katikati, mchoro wa kukunjua:
ndege imepasuliwa ubavu kama samaki,
kila mfupa na namba, kila namba na jina,
na namba mia na sita ilikuwa choo.
Tulikicheka choo kile mwaka mzima.

Cwm Hesgin haina uwanja wa ndege.
Ina mlima huku, mlima kule,
na mbingu nyembamba kama mkanda wa suruali.
Baba hakupaa, alishuka,
mita mia sita, ndani ya kizimba, kufuata makaa.
Akirudi, vumbi limemkaa kopeni mithili ya wanja,
humwuliza Idwal: leo tunaruka na nini?

Kisha mgomo.
Toleo la arobaini tulikopa.
La arobaini na moja, Mama alipita dukani
akitazama ng'ambo ya barabara.
Idwal hakulia. Alichukua rula,
akapima unene wa toleo moja, milimita mbili,
akazidisha kwa majuma kadiri yalivyopita,
akasogeza, akaacha nafasi.
Mgomo uliposhindwa nafasi ilikuwa thelathini na nne.
Hatukuijaza kamwe.

Toleo la mwisho lilikuwa faharasa.
Ndege za majini, ilisema, tazama 973.
Tulitazama. Hapakuwa na kitu,
ila chuma cha uti, na mwanga ukipita.

Baba alikufa Februari, kwa mapafu.
Nilipeleka makoti yake ukumbi wa kanisa,
kwenye mnada wa vitu vikuukuu,
na chini ya birika bovu la umeme
nikaiona: namba arobaini na tisa,
ndege imeketi ziwani kama bata aliyeshiba.
Pembeni, juu kushoto, penseli,
ile P ya Bi Probert yenye mkia.
Moyo ulinidunda. Nikasoma tena.
Prosser.

Jina hilo, Cwm Hesgin,
ukilitaja mtu huweka kikombe chini.
Basi la alfajiri, madirisha ya wavu,
abiria mmoja, koti limemfunika uso,
na sisi barabarani tukimwita msaliti,
mimi nikiwa begani mwa Baba, nimemzidi kupaza sauti.

Sikuwahi kuwaza kwamba Havard, mwanawe,
aliyeketi peke yake dawati la nyuma,
alikuwa na Alhamisi zake.
Kwamba alikunjua karatasi ile sakafuni
akatafuta choo, akakikuta,
akakosa wa kucheka naye.

Nililipa peni thelathini.
Usiku nilimpigia Idwal, Winnipeg,
nikamweleza la toleo, kisha la jina.
Alinyamaza hata nikadhani simu imekatika.
Halafu akasema: uzito mtupu?
Nikamsomea.
Masafa?
Nikamsomea.
Usilifute, akasema, akakata.

Sijalifuta.
Nimelipachika mahali pake,
lakini toleo moja katika nafasi ya kumi na saba
halisimami wima. Limelala upande,
na kila nikifungua jalada
linateleza, linaniangukia mapajani.